Balozi Asiye na Nchi, Mfanyakazi Asiye na Pasipoti

Mara nyingi ukurasa huu huzungumzia mishahara, likizo, ajali za mashineni na nyumba za kambini. Leo tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie biashara ya kuuza na kununua watu, maana biashara hiyo inawinda kwenye malango ya viwanda vyetu na katika kambi za mashamba yetu. Inamwinda kijana aliyepunguzwa kazi, msichana aliyemaliza shule akakosa ada ya kuendelea, na mchuma chai ambaye kibarua chake cha msimu kimekwisha. Kwa maneno mengine, inatuwinda sisi na watoto wetu.

Tutaizungumzia kwa kutazama juhudi za shirika moja la Kikatoliki lililoamua kupambana nayo kwa njia ya kibalozi, yaani Shirika la Malta. Wapo wenzetu wanaosema kwamba mabalozi ni watu wa karamu na hotuba, hawana msaada kwa mfanyakazi. Wapo wengine wanaosema kwamba mambo ya kimataifa tuwaachie wakubwa hao, sisi tukazane na jembe na mashine. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimekosea. Kazi ya mabalozi hao ina manufaa na yatupasa kuitumia. Lakini itabaki makaratasi iwapo wafanyakazi wenyewe hawatajipanga. Tutaeleza kwa nini.

NI SHIRIKA GANI HILI?

Shirika la Malta lilianza kama hospitali ya mahujaji katika mji wa Yerusalemu katika karne ya 11. Mwaka 1113 Papa Paskali wa Pili alilitambua rasmi. Baadaye likawa shirika la watawa waliokuwa pia askari, wengi wao wana wa makabaila wa Ulaya. Lilitawala kisiwa cha Rhodes tangu mwaka 1310, kisha kisiwa cha Malta tangu mwaka 1530 hadi Napoleon alipolifukuza mwaka 1798. Tangu mwaka 1834 makao yake yako Roma.

Leo Shirika hili halina nchi. Hata hivyo linahesabiwa kuwa mamlaka huru katika mambo ya kimataifa. Lina uhusiano wa kibalozi na nchi zaidi ya 100, na tangu mwaka 1994 lina kiti cha mtazamaji katika Umoja wa Mataifa. Linatoa stempu zake na hata pasipoti zake. Kazi yake ya kila siku ni hospitali, zahanati, magari ya wagonjwa na misaada kwa wakimbizi na watu waliopatwa na maafa. Tangu mwaka 2008 madaktari na wauguzi wa kikosi chake cha Italia husafiri katika meli za walinzi wa pwani wa nchi hiyo, wakiwatibu watu wanaookolewa baharini katika Mediterania.

Hapa pana jambo la kufikirisha. Shirika lisilo na nchi linatoa pasipoti, na balozi wake anavuka mipaka na kupokewa kwa heshima. Dada yetu anayo nchi, anayo bendera, na anayo serikali aliyoipigia kura. Lakini siku anapoingia katika nyumba ya mwajiri ng'ambo, pasipoti yake inafungiwa kabatini, naye hawezi kuvuka hata kizingiti cha mlango. Kumbe pasipoti peke yake haimlindi mtu. Kinachomlinda ni nguvu iliyo nyuma ya pasipoti hiyo, na nguvu hiyo ndiyo inayokosekana kwa mfanyakazi wetu.

HISTORIA YAO NA HISTORIA YETU

Si haki kulizungumzia Shirika hili bila kusema ukweli wa historia yake. Wakati lilipokitawala kisiwa cha Malta, lilikuwa na watumwa. Merikebu zake za vita zilivutwa kwa makasia, na waliovuta makasia hayo, wakiwa wamefungwa minyororo, wengi walikuwa Waislamu waliotekwa baharini. Mji wa Valletta ulikuwa na soko la watumwa. Upande wa pili wa bahari, katika miji kama Algiers na Tunis, Wakristo waliotekwa nao waliuzwa vivyo hivyo. Mwaka 1749 watumwa wa Malta walipanga kuasi. Mpango wao ukagunduliwa na wengi wakauawa. Utumwa ulikomeshwa kisiwani mwaka 1798 kwa amri ya Napoleon, baada ya Shirika kuondolewa.

Hatulisemi hili ili kuwatukana walio hai. Tunalisema kwa sababu lina mafunzo mawili. Kwanza, mwenye watumwa hakuamka asubuhi moja akawaachia kwa huruma, ilibidi alazimishwe. Pili, chombo kilichokuwa mikononi mwa makabaila kinaweza kubadilika kikatumika kwa wema. Hadi mwaka 2022 mkuu wa Shirika hili ilikuwa lazima atoke katika ukoo wa kikabaila. Mwaka huo Papa Fransisko alitoa katiba mpya iliyoondoa sharti hilo. Wanaofanya kazi leo tuwapime kwa kazi yao ya leo.

Na sisi Afrika ya Mashariki tunayo historia yetu juu ya mikataba ya mabalozi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Alitia sahihi baada ya Waingereza kumtishia kwamba wataizingira Unguja kwa manowari. Soko likafungwa. Lakini watumwa waliokuwa katika mashamba ya mikarafuu walibaki watumwa. Sheria ya kuwaruhusu kudai uhuru wao ilitoka mwaka 1897, yaani miaka 24 baadaye. Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922.

Baada ya utumwa wakaja manamba. Wazee wetu wa mashambani wanalifahamu neno hilo vizuri. Mtu aliandikishwa kijijini, akapewa namba, akapakiwa katika lori au gari moshi, akapelekwa kukata mkonge mbali na kwao. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wa Tanganyika waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kama SILABU. Manamba hakuwa mtumwa, kwa kuwa alilipwa ujira na mkataba ukiisha aliweza kurudi kwao. Lakini mkataba aliutia dole bila kuusoma, na alipofika shambani hakuwa na wa kumsemea. Hali ilianza kubadilika katika miaka ya 1950, wafanyakazi wa mkonge walipopata chama chao na kuthubutu kugoma.

Tunakumbusha habari hizi kwa kuwa zinaonyesha mpaka wa kazi ya balozi. Balozi anaweza kufunga soko. Lakini anayeweza kubadilisha maisha ya yule aliyekwisha kununuliwa ni mtu mwingine.

MABALOZI WANAFANYA NINI?

Mwaka 2017 Shirika la Malta liliteua mabalozi wa pekee kwa kazi moja tu: kufuatilia na kupiga vita biashara ya kuuza watu. Mmoja wao ni Michel Veuthey, mwanasheria wa Uswisi aliyeitumikia kwa miaka mingi Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Yeye kituo chake ni Geneva. Mwingine kituo chake ni Lagos, Nigeria.

Vituo hivyo viwili havikuchaguliwa ovyo. Geneva ndiko linakokutana Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, na ndiko yaliko makao makuu ya Shirika la Kazi Duniani. Nigeria ni nchi ambako wasichana wengi, hasa wa jimbo la Edo, wamedanganywa kwa ahadi ya kazi ya ususi au ya nyumbani Ulaya. Wakavushwa jangwa na Libya, na walipofika Italia wakaambiwa wana deni kubwa ambalo lazima walilipe kwa kuuza miili yao. Huko Lagos watawa wa kike wana nyumba ya kuwapokea waliorudi.

Kazi ya mabalozi hao ni kusema na serikali katika vikao, kuzikumbusha mikataba zilizokwisha kuitia sahihi, na kuwakutanisha watu ambao kwa kawaida hawakutani. Tangu mwaka 2020 wameendesha mikutano kwa njia ya intaneti, ambamo wanasheria, waganga, watawa, maofisa wa serikali na watu waliowahi kuuzwa huzungumza pamoja. Wamesaidia pia kuanzisha masomo ya kuwafundisha wale wanaowahudumia waathirika, ili msaada usitolewe kwa huruma tu bali kwa ujuzi.

Mtu atauliza: mazungumzo yanamsaidia nini mfanyakazi? Tutoe mifano ya yale ambayo kazi ya kibalozi kwa jumla imekwisha kuzaa. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulipitisha Itifaki ya Palermo, iliyoanza kutumika mwaka 2003. Itifaki hiyo inasema kwamba kumwandikisha, kumsafirisha, kumficha au kumpokea mtu kwa nguvu, kwa hila au kwa kutumia unyonge wake, kwa nia ya kumnyonya, ni kosa la jinai. Tena inasema kwamba ikiwa hila au nguvu vilitumika, haifai kitu mnyonyaji kujitetea kwamba mtu huyo alikubali mwenyewe. Ndugu wafanyakazi, sentensi hiyo ni silaha. Ni mara ngapi tumesikia: "Si alitia sahihi mwenyewe? Si alipanda ndege kwa miguu yake?" Sheria inajibu: sahihi iliyopatikana kwa uongo si ridhaa.

Kutokana na Itifaki hiyo nchi zetu zilitunga sheria zake: Tanzania mwaka 2008, Uganda mwaka 2009, Kenya mwaka 2010. Mwaka 2014 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Itifaki mpya ya kuongeza nguvu Mkataba wake Na. 29 wa mwaka 1930 juu ya kazi za kulazimishwa. Na mwezi Juni 2018 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliwawekea vikwazo watu sita kwa biashara ya kuuza watu nchini Libya: wasisafiri, na mali zao zizuiwe. Ilikuwa mara ya kwanza Baraza hilo kuwawekea watu vikwazo kwa kosa hilo. Hayo yote yalipita mikononi mwa mabalozi kabla ya kumfikia polisi au hakimu.

KWA NINI SERIKALI HUSEMA KWA SAUTI NDOGO

Kwa hesabu ya Shirika la Kazi Duniani na wenzake iliyotolewa mwaka 2022, watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi za kulazimishwa mwaka 2021. Katika ripoti nyingine, ya mwaka 2024, Shirika hilo lilikadiria kwamba faida haramu inayotokana na kazi hizo katika makampuni na nyumba za watu binafsi ni dola za Marekani bilioni 236 kwa mwaka. Faida hiyo ni jasho la watu, na wanaoila hawataiacha kwa kuombwa.

Sasa serikali inayopeleka wafanyakazi inahitaji fedha za kigeni wanazotuma nyumbani. Serikali inayowapokea inahitaji kazi rahisi. Ya kwanza inaogopa kuudhi kwa kuwa inataka nafasi zaidi za kazi, mikopo na mafuta. Ya pili inajua hivyo. Kwa hiyo wanapokutana, mambo ya pasipoti na mishahara isiyolipwa huzungumzwa kwa kunong'ona, au huahirishwa hadi kikao kijacho, na kikao kijacho hakiji.

Hapo ndipo tunapoiona faida ya balozi asiye na nchi. Shirika la Malta halinunui mafuta, haliuzi silaha, wala halina vibarua linalotaka kuwapatia viza. Likisema jambo gumu halina biashara ya kupoteza. Tena lina zahanati na hospitali, kwa hiyo linalosema limeliona kwa macho juu ya miili ya watu. Sauti ya namna hiyo tunaihitaji.

Lakini tusijidanganye. Balozi huyo ni mgeni wa serikali aliyokwenda kuzungumza nayo. Hana polisi, hana mahakama, hana soko la kumfungia mtu. Lugha ya kibalozi ni lugha ya upole, na mara nyingine upole huo humfaa mwenye kosa kuliko aliyekosewa. Tunalipongeza Shirika kwa kazi yake, lakini hatuwezi kuliachia mzigo ambao si wake peke yake.

MAHALI AMBAPO BALOZI HAFIKI

Mahali pa kwanza ni ndani ya nyumba ya mwajiri. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania waliokuwa watumishi wa nyumbani Omani na Falme za Kiarabu. Walieleza jinsi walivyonyang'anywa pasipoti, walivyofanyishwa kazi saa nyingi bila kupumzika, walivyonyimwa mishahara na kupigwa. Mzizi wa mateso hayo ni utaratibu uitwao kafala, ambao umefunga kibali cha mfanyakazi kuishi nchini kwa mwajiri mmoja. Akimtoroka mwajiri anageuka mhalifu. Qatar ilibadilisha mambo makubwa katika utaratibu huo mwaka 2020, na Saudi Arabia ilitangaza mabadiliko mwaka 2021, lakini mabadiliko hayo ya Saudi Arabia yaliwaacha nje watumishi wa nyumbani, wale wale wanaoumia zaidi. Tena Saudi Arabia na Falme za Kiarabu haziruhusu vyama huru vya wafanyakazi, kwa hiyo aliye ndani ya nyumba hana tawi la kukimbilia.

Mahali pa pili ni katika deni. Dalali wa kazi anamtoza kijana ada ya daktari, ada ya mafunzo, ada ya viza, na ada ambazo hazina jina. Familia inauza ng'ombe au inaweka rehani shamba. Kijana anaondoka akiwa tayari amefungwa, maana hawezi kurudi mikono mitupu. Wazee walisema dawa ya deni kulipa, lakini hili ni deni lililotengenezwa lisilipike.

Mahali pa tatu ni sebuleni kwetu. Dalali mara nyingi si mgeni. Ni shangazi, ni jirani, ni mtu tunayesali naye. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku hizi pia anakuja kwa simu, na hawindi wasiosoma peke yao. Vijana wenye vyeti kutoka Kenya, Uganda na Ethiopia wameahidiwa kazi za ofisini Thailand, wakajikuta wamefungiwa katika makambi ya Myanmar, wakilazimishwa kuwatapeli watu kwa njia ya intaneti. Mwaka 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba huko Myanmar peke yake watu wasiopungua 120,000 huenda walikuwa wameshikiliwa hivyo.

Serikali nazo hujaribu dawa ya haraka, yaani kupiga marufuku. Uganda ilipiga marufuku kupeleka watumishi wa nyumbani Saudi Arabia mwaka 2016, kisha ikaiondoa marufuku hiyo mwaka uliofuata. Marufuku haiondoi njaa. Kijana aliyeamua kuondoka atapita njia ya panya kupitia nchi ya jirani, na huko dalali atakuwa na nguvu zaidi juu yake, kwa kuwa sasa amemshika katika kosa.

Nyumba nyingi za kuwapokea waliouzwa zimepewa jina la Bakhita, na inafaa tukumbuke kwa nini. Josephine Bakhita alizaliwa Darfur, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, na hatimaye akafikishwa Italia. Bibi aliyemtumikia alipotaka kuondoka naye kurudi Afrika, Bakhita alikataa. Shauri lilifika mahakamani, na mwaka 1889 mahakama ya Venice ikaamua kwamba yu huru, kwa kuwa sheria ya Italia haikutambua utumwa. Watawa walimpa hifadhi, na sheria ilimpa uhuru. Lakini jambo la kwanza kabisa lilikuwa yeye mwenyewe kusema hapana. Bila neno lile hakimu asingekuwa na shauri la kuamua.

LA KUFANYA KATIKA MATAWI YETU

Hivyo basi, hatuwezi kukaa tukisubiri Geneva. Tunapendekeza mambo yafuatayo kwa kila tawi la kiwanda na la shamba.

1. Kila tawi lichague watu wawili wa kusoma mikataba ya kazi za ng'ambo. Mwanachama au mtoto wa mwanachama anayetaka kuondoka alete mkataba kabla ya kutia sahihi. Ukiwa katika lugha asiyoielewa, usitiwe sahihi.

2. Tuwafundishe wanachama alama za hatari: kazi isiyotaja mwajiri, safari kwa viza ya utalii, dalali anayetaka kushika pasipoti, mshahara unaokatwa kulipia nauli, agizo la kutomwambia mtu yeyote.

3. Tukatae ada. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unasema kwamba wakala wa kazi asimtoze mfanyakazi gharama za kumtafutia kazi. Kinachoweza kuruhusiwa ni mambo machache ya pekee. Anayehitaji mfanyakazi ndiye alipe. Penye ada ndipo panapoanza mnyororo.

4. Anayeondoka aache tawini nakala ya pasipoti, nakala ya mkataba, jina la wakala na anwani ya mwajiri. Akinyamaza miezi miwili, tawi liulize. Ubalozi unaweza kumpuuza mama mmoja anayelia. Ni vigumu kuipuuza barua ya chama yenye nakala zote.

5. Watumishi wa nyumbani waingizwe katika vyama. Tanzania kipo CHODAWU na Kenya kipo KUDHEIHA, vinavyowaandikisha wafanyakazi hao. Msichana aliyezoea kudai haki yake katika nyumba ya mjini kwetu hatakuwa mnyonge kabisa akifika ng'ambo. Nasi wenyewe tunaoajiri wasichana majumbani tuwalipe na tuwape siku ya kupumzika, maana hatuwezi kulaani kwa wengine tunayoyafanya kwetu.

6. Serikali zetu zinapofanya mapatano ya kupeleka wafanyakazi, wawakilishi wa vyama wawe mezani na mapatano yachapishwe. Tuulize pia, bila kuchoka, kama serikali imethibitisha Itifaki ya mwaka 2014 na Mkataba Na. 189 wa mwaka 2011 juu ya wafanyakazi wa nyumbani. Kama haijathibitisha, ieleze sababu.

7. Anayerudi tusimcheke. Wengi huficha waliyoyaona kwa kuogopa kuambiwa walikwenda kutafuta mali wakarudi na sanduku tupu. Ukimya huo ndio unaompa dalali wateja wapya. Mtu aliyeuzwa asishitakiwe kwa makosa aliyolazimishwa kuyafanya, na tawi limsaidie kufungua mashitaka dhidi ya aliyemwuza.

Kwa mabalozi wa Shirika la Malta nao tunalo ombi. Katika mikutano yao tumesikia wakikutana na wanasheria, waganga na watawa. Viti vya wafanyakazi viongezwe. Mwenye kujua jinsi kijana anavyonaswa ni yule anayekaa naye kambini na kula naye mchana kiwandani. Na wanapokaa na mawaziri wa nchi zinazopokea wafanyakazi wetu, waanze na swali moja dogo ambalo halihitaji hotuba ndefu: pasipoti ya mfanyakazi inakaa kwa nani? Jibu la swali hilo litawaonyesha kama nchi hiyo inatekeleza ilichotia sahihi.

Mwaka 1944, huko Philadelphia, Shirika la Kazi Duniani lilitamka kwamba kazi si bidhaa. Serikali, waajiri na wafanyakazi walilikubali tamko hilo kwa pamoja. Kama kazi si bidhaa, sembuse mtu mwenyewe. Mabalozi na waendelee kulirudia neno hilo katika kumbi za Geneva na Roma. Sisi kazi yetu ni kulisimamia hapa, kwenye lango la kiwanda na katika mistari ya kambi, siku ile dalali anapokuja na karatasi zake akitafuta wa kuandikisha. Akute tumekwisha kuzungumza.

Umoja wa wafanyakazi udumu.